Barabara ya Warumi Niliyoinyoosha

Kabla sijaeleza kosa langu, acha kwanza niseme mimi ni nani katika kazi ya mawe, maana mtu akisikia kosa bila kumjua fundi, anadhani fundi mwenyewe ni wa ovyo.

Hapa Brussels, ukitoka Porte de Namur ukaifuata barabara ya Chaussée d'Ixelles, kuna mahali mbele ya duka la viatu ambapo wanawake wenye visigino vyembamba wanatembea huku wanaandika kwenye simu, bila kuangalia chini. Hapo nilipita mimi na mawe yangu. Mita tano mbele wanaanza kuangalia chini. Hapo alipita mwingine. Sina haja ya kuongeza neno.

Nilifika stesheni ya Gare du Midi na mfuko mmoja na miaka minne ya shule ya msingi niliyoisomea Bukavu, na huo wa nne sikuumaliza. Nilianza kwa kumbebea mchanga Mreno mmoja mtandaza mawe. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ananiuliza mimi kama mstari umenyooka. Leo nina kampuni yangu, camionnette mbili za kubebea mawe, watu sita, na jina langu limeandikwa mlangoni kwa rangi ya njano. Wahandisi wananiletea michoro yao na mimi naikunja naweka mfukoni. Naweka kiganja juu ya mchanga, mchanga unaniambia.

Bon. Miaka michache iliyopita kulikuwa na uwanja mwishoni mwa njia ya tram, pembeni kabisa ya Brussels, ambapo walibomoa ghala la zamani ili wajenge nyumba za kupangisha. Sheria ya hapa inasema kabla ya kumwaga zege, watu wa mambo ya kale waje kwanza kuchimba na kutazama. Wakaja. Chini ya ghala wakakuta mji wa Warumi.

Mimi Warumi niliwajua kwa njia ya Pilato tu, na wale askari waliopigia kura kanzu ya Bwana wetu. Sikujua kwamba waliishi hapa, kwenye matope haya haya. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wa kando ya njia kuu: misingi ya nyumba, visima viwili, majiko, vipande vya vyungu vingi kuliko vya soko lililopinduliwa. Na katikati, kipande cha barabara kilichotandazwa mawe bapa ya kijivu, kila jiwe kama sinia. Mjenzi wa zile nyumba alinituma mimi huko kwa sababu walihitaji mtu wa kuinua mawe mazito bila kuyavunja, na katika Brussels mtu huyo anajulikana.

Mkuu wa uchimbaji alikuwa mama mmoja wa Kibelgiji, mwembamba, buti zake kubwa kuliko zangu, aliyekuwa anaongea na udongo zaidi kuliko anavyoongea na watu. Nilimwita Madame, naye aliniita Monsieur. Tuliongea Kifaransa, ila hapa nayaandika kwa lugha yangu. Mimi nilikuja na mwenzangu wa siku zote, Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu, umri wetu mmoja. Huyo anaweza kutandaza mawe siku nzima bila kuongea, halafu akasema neno moja linalokuharibia jioni.

Ile barabara niliikagua siku ya kwanza. Mawe tisini na mawili. Fundi wake alikuwa mzuri, namsifu hata kama hajanisikia. Viungo vyembamba, mteremko mdogo wa kutoa maji, yote sawa. Isipokuwa sehemu moja. Katikati, mawe yalikuwa yamezama toka ukingo hadi ukingo, kina cha vidole vinne, kama godoro alilolalia mtu mnene. Kila asubuhi nikifika jicho langu linaanguka humo.

"Unaiona hiyo?" nilimwambia mwenzangu.

"Naona barabara."

"Hiyo ni aibu. Fundi alibana kokoto upande mmoja, upande wa pili akaenda kunywa."

"Patron, huyo fundi kafa miaka elfu mbili iliyopita. Msamehe."

Sikumsamehe.

Jumatatu Madame alitukusanya akatuambia kwamba Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka ofisi ya mambo ya kale, na kwamba anakuja kuitazama barabara yetu. "Kila kitu kinategemea barabara hii," alisema. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza, maana nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa kama mtu aliyezaliwa Bukavu.

Kwetu, mkubwa akitangazwa kwamba atapita Alhamisi, Jumatano mashimo yanazibwa. Mashimo yenye umri wa mtoto anayesoma darasa la tano yanazibwa kwa siku moja. Wanafunzi wanafagia, mawe ya pembeni yanapakwa chokaa, hata mbuzi wanafungwa kamba. Mgeni haonyeshwi shimo. Kumwonyesha mgeni shimo ni kumtukana, na ni kujitukana mwenyewe.

Donc, Jumanne saa saba mchana, Madame alikuwa ameenda mjini. Wanafunzi wake wawili walikuwa ndani ya kontena wanakula mikate yao. Mwenzangu alikuwa nyuma ya kontena, ametandika mkeka anaswali. Nilibaki mimi na barabara.

Niliinua mawe ishirini na matatu, moja moja, nikayapanga pembeni kwa mpangilio wake. Nilileta mchanga wangu mwenyewe kutoka kwenye camionnette, mchanga wa njano uliochekechwa. Nilifunga kamba, nikaweka pimamaji, nikarudisha kila jiwe na kuligonga kwa nyundo ya mpira. Chini ya jiwe moja kulikuwa na donge la udongo wa zamani, gumu kama mfupa, lililokuwa linalizuia lisikae sawa. Nilichukua mwiko nikalikata, nikalitupa kwenye lundo la taka. Dakika arobaini. Nikapiga brashi. Mpira wa mtoto ungewekwa pale usingejua uende wapi.

Mwenzangu, aliyemaliza kuswali akalala kidogo juu ya mkeka, alitoka akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimeinyoosha."

"Umemuuliza nani?"

"Kazi nzuri inaomba ruhusa tangu lini?"

"Astaghfirullah," alisema, akakaa chini kabisa, juu ya udongo, na suruali yake safi ya swala.

Madame alirudi saa nane. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa barabara, mikono nyuma, kama bwana harusi. Alikuja, akatazama, akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Madame. Peke yangu. Dakika arobaini!"

Aligeuza ndoo akaikalia. Nilingoja sifa. Nilingoja kidogo zaidi. Halafu nikamwona anainama na kupapasa pale palipokuwa pamezama, nikajua hiyo haikuwa furaha.

"Monsieur," alisema taratibu, kama mtu anayeeleza kifo kwa watoto, "lile bonde la katikati ndilo tulilokuwa tunataka kumwonyesha."

Akanieleza, na safari hii nilisikiliza. Fundi wa Kirumi hakukosea. Alipotandaza mawe yake, alipita juu ya handaki la zamani zaidi, mtaro mrefu uliochimbwa kisha ukajazwa udongo laini. Miaka ilivyopita udongo ule ulishuka, na mawe yakashuka nao. Bonde lilikuwa linasema: handaki limepita hapa, na kama kuna handaki chini ya barabara, basi palikuwa na watu hapa kabla ya barabara, na mji huu una umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mkaguzi angeliona bonde, angeongeza siku za kuchimba chini yake. Asipoliona, Jumatatu mjenzi anamwaga zege, na chini ya zege hakuna anayesoma. Picha ya kutoka juu walikuwa nayo, lakini picha ya juu haionyeshi kina. Kupima kina kulipangwa Jumatano asubuhi.

"Nenda nyumbani, Monsieur," alisema. "Tafadhali."

Nilienda. Nyumba yangu iko mtaa wa Saint-Gilles, orofa ya tatu. Mke wangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa ametoka kazini anavua viatu. Nilipomaliza kumweleza alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Njo maana minakwambiaka, ulizaka kwanza! Weye unaingia kwa batu unapanga nyumba yabo. Kwa mama yangu ulipanga sahani, mupaka leo mama hayajaona kijiko yake."

"Hii si sahani, mama."

"Alors? Utafanya nini?"

"Nitairudisha."

"Utarudisha shimo?"

"Nitarudisha shimo lile lile."

Usiku ule sikufikiria kitu kingine ila mchanga. Mchanga wangu ulikuwa wa njano. Kitanda cha zamani chini yake kilikuwa cheusi, udongo wa mfinyanzi. Jiwe lililokaa miaka mingi namna ile juu ya udongo mweusi linaacha alama yake, kama kichwa kwenye mto. Mimi sikugusa udongo mweusi, ndivyo nilivyowaza; lile donge nilikuwa nimelisahau. Nilimwaga njano juu yake tu. Kwa hiyo nikiondoa njano yote, na njano peke yake, alama zote zitakuwa pale chini zinanisubiri.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa langoni. Mwenzangu alikuwa ameshafika, amebeba chupa ya chai. Madame alipofika alitaka kupita bila kunitazama. Nilisimama mbele yake.

"Madame, mchanga ule niliuweka mimi. Hakuna mwingine anayejua unaishia wapi."

"Na ukiharibu zaidi?"

"Tuanze na jiwe moja. Wewe simama hapo. Kama halikukaa, mimi naenda zangu na hutaniona tena."

Alifikiri. Mvua ilikuwa inaanza, ile ya Brussels isiyojua kunyesha wala kuacha. Wanafunzi walivuta hema juu ya barabara. Nililala kifudifudi juu ya ubao, nikainua jiwe la kwanza, nikaondoa mchanga kwa kijiko cha chai, halafu kwa brashi ya rangi, halafu kwa kupuliza. Njano iliisha. Nyeusi ikatokea, na ndani ya nyeusi, umbo la jiwe, pembe kwa pembe, limeinama upande. Nilishusha jiwe. Halikuhitaji nyundo. Liliingia kama jino linaporudi kwenye ufizi wake.

Madame alipiga magoti. Alitazama mstari wa udongo kwenye ubavu wa jiwe, ukalingana na udongo wa pembeni. Alichukua penseli, akaandika namba moja.

Tulifanya kazi siku nzima hivyo. Mimi kijiko na brashi, mwenzangu anapokea mchanga kwa kopo, Madame anapima na kuandika. Niliwahi kutandaza mita mia kwa siku. Siku ile nilitandua mita tatu, na mgongo wangu unazikumbuka hizo tatu kuliko zile mia. Bonde lilikuwa linarudi chini ya mikono yangu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba lilikuwa na umbo: ukingo huu ulishuka ghafla, ule mwingine polepole.

Halafu tukafika jiwe la kumi na saba.

Niliondoa mchanga nikakuta pabaya. Hilo ndilo lile la donge. Alama haikuwepo, kulikuwa na kidonda cha mwiko wangu. Madame alikuwa ameitwa kwenye simu, amesimama nje ya hema.

Mwenzangu alichungulia. "Hilo vipi?"

"Hilo tayari," nilisema.

Nililowesha kidole gumba. Udongo ule ni mtiifu sana. Nilibonyeza hapa, nikapandisha pale, nikapiga ukingo kwa ukucha. Nilishusha jiwe, likakaa. Lilikaa vizuri kuliko mengine yote. Madame akarudi, akapima, akaandika kumi na saba. Mwenzangu alinitazama, akafunga chupa yake ya chai, akaifungua, akaifunga tena.

Alhamisi mkaguzi alifika na mwavuli. Mzee mkavu, koti refu, kila kitu anakielekeza kwa ncha ya mwavuli. Madame angeweza kumwonyesha bonde na kunyamaza. Alimweleza yote, toka mwanzo, na mimi nimesimama pale pale.

"Kwa hiyo," mkaguzi alisema, "unanionyesha shimo alilolitengeneza bwana huyu jana."

Niliambiwa nisiongee. Niliongea.

"Sikulitengeneza, Monsieur. Nililirudisha. Chagua jiwe lolote, nitaliinua, utaona lilipolala."

Alitembea taratibu pembeni ya barabara. Mwavuli ukapita la tano, ukapita la tisa, ukasimama. Kumi na saba.

Niliinua. Mikono hii imebeba kila aina ya jiwe, lakini lile lilikuwa zito. Mkaguzi aliinama.

"Hii," alisema, "ni alama safi kabisa. Ukiwa na nyingine kama hii, Madame, nimeridhika."

Niseme ukweli: nilifurahi. Kazi yangu ilisifiwa, na mimi nikisifiwa nashiba. Nilimtazama Madame, naye kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alikuwa anatabasamu, kwa jambo ambalo halikuwepo. Nyuma yangu mwenzangu alikohoa. Angetaka kuniumbua angesema. Alikohoa tu.

"Hapana, Monsieur," nilisema. "Hiyo nimeifinyanga mimi kwa kidole. Ya zamani niliikata kwa mwiko Jumanne. Ni hiyo moja tu. Mengine sikugusa."

Tabasamu la Madame liliondoka, na sipendi kukumbuka lilivyoondoka.

"Kwa nini nikuamini kuhusu mengine?" mkaguzi aliuliza.

Swali zuri. Nililala juu ya ubao, nikainua la kumi na sita, jirani yake, nikamwambia atazame alama zote mbili. Na hapo, kabla yake, niliona mwenyewe kile ambacho sikukiona jana kwa sababu ya haraka ya hofu. Alama ya kumi na sita ilikuwa na nyuzi. Mizizi myembamba kuliko nywele, imejichora ndani ya udongo ikipita chini ya jiwe, mingine bado ipo, mikavu, imeng'ang'ania. Alama yangu ilikuwa laini kama shavu. Mizizi haifinyangwi kwa gumba, hata gumba langu.

Mkaguzi alikunja koti lake, akapiga magoti kwenye matope. Aliomba la kumi na tisa. Mizizi. La nne. Mizizi. La ishirini na mbili, na humo tulikuta konokono mdogo mkavu, amekaa kwenye kishimo chake, na alama ya gamba lake iko kwenye uso wa chini wa jiwe. Mkaguzi alisimama akajipangusa.

"Andika kwamba la kumi na saba halihesabiwi," alimwambia Madame. "Andika na sababu."

Aliondoka. Ijumaa karibu na adhuhuri simu ya Madame ililia. Alikuwa ameomba wiki mbili za kuchimba, alipewa siku nane za kazi. Ndipo alipozungumza na mimi.

"Jumatatu saa moja, Monsieur. Na kabla ya kugusa kitu?"

"Nauliza, Madame."

"Kabla ya kugusa kitu chochote."

"Nauliza."

Handaki lilikuwepo. Niliinua mawe yote mimi mwenyewe, kila moja na namba yake, na chini yake tulishuka hadi kiunoni: udongo mweusi, mifupa ya ng'ombe, vyungu vya aina nyingine, vinene, visivyo vya Kirumi. Madame alikuwa anaimba kwa kuguna, bila maneno. Lakini ukingo mmoja wa handaki, ule wa mashariki, ulipanda moja kwa moja hadi chini ya lile jiwe la kumi na saba. Donge nililolitupa ndilo lingesema kama ukingo uliishia pale au uliendelea. Tulilitafuta kwenye lundo la taka mchana mzima, mimi na mwenzangu, kwa mikono. Mvua ilikuwa imeshalichukua. Mpaka leo hilo halijulikani, na halitajulikana, kwa sababu nilikuwa na mwiko mkononi na mgeni alikuwa anakuja.

Kazi ilipoisha, Madame alinipa nakala ya mchoro wa barabara. Kila jiwe limechorwa kwa mstari mzito na kina chake pembeni. Moja tu limechorwa kwa nukta, tupu katikati. Nilitengeneza fremu ya mbao nzuri, nikautundika sebuleni, mahali ambapo jua la asubuhi linapiga.

Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita kwetu, na hakuna anayekaa bila kuuliza.

"Bengine banatundika diploma," mke wangu anawaambia, huku anaweka sahani. "Ye anatundika kosa yake, na fremu juu yake."

Wageni wanacheka. Mimi nainuka na chupa yangu mkononi, naweka kidole kwenye kioo.

"Hesabuni. Haya ishirini na mawili, katika Brussels hii hakuna mwingine angeyarudisha. Leteni mhandisi, leteni profesa."

"Na lile lenye nukta, papa?" mgeni mmoja anauliza.

"Na hilo ni langu."